Khadimu wa Mafichoni na Ukanda wa Bibi wa Siu

Ndugu msomaji, uingiapo msikitini alfajiri ukalikuta birika limejaa maji, mikeka imekung'utwa na taa zawaka, ni mara ngapi umeuliza ni nani aliyeyatenda hayo? Mimi naungama kwamba katika miaka hamsini na kitu niliyojaaliwa na Mola nimeuliza mara moja tu, na ni siku ile birika lilipokutwa kavu. Tulitazamana, watu wazima na kofia zetu za viua, ndipo mmoja wetu akakumbuka kuwa khadimu wa msikiti alikuwa hajiwezi, siku ya tatu ile. Hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Tulikuwa tumeyazoea maji, hatukumzoea mtu.

Nimemkumbuka khadimu huyo kwa sababu mwaka 2021 nilijitia katika yambo ambalo wenzangu wa barazani hapa Mombasa walilicheka mpaka kahawa ikawapalia. Nilianza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Na si zile zenye picha na rangi zinazoonekana kwenye kioo, ela zile zifanyazo kazi nyuma ya pazia, ambazo mwenye kompyuta hazioni wala hazisikii.

Huenda ukasema, "Hayo ni ya vijana, hayanihusu." Yakuhusu. Simu iliyo katika mfuko wa kanzu yako, ikiwa ni ya Android, ndani yake mna Linux, namo mna watumishi kadha wa kadha waliokaa wakingoja. Mmoja angoja ujumbe uingie. Mwingine achunga saa ili uamshwe kwa adhana ya alfajiri. Mwingine atazama betri. Hukuwaajiri, majina yao huyajui, na siku watakapokosekana ndipo utakapojua kuwa walikuwako.

Kasha la kanda

Kilichonipeleka huko ni kanda. Tangu ujana wangu, kila nilipokwenda Lamu, Faza, Pate au Siu kwa kazi za uandishi, nilichukua kinasa sauti. Wazee wakinighania tenzi na mashairi, nami nikiwarekodi. Miaka ikapita, wengi wao wakatangulia mbele ya haki, na mimi nikabaki na kanda 64 ndani ya kasha. Hewa yetu ya pwani waijua mwenyewe, chumvi na unyevu. Siku moja nilifungua kasha nikaona kanda zimeota kuvu jeupe kama unga.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyesomea kompyuta chuo kikuu, akaniambia, "Mjomba, sauti hizi zitakufa kashani. Tuzitie ndani ya kompyuta." Akaniletea kompyuta kuukuu isiyo na kioo, tukaiweka chini ya ngazi pamoja na diski ya nje yenye taa ya buluu. Mimi nikawa naifikia kutoka kwenye kompyuta yangu ndogo ya kazi. Kisha akanionya kwamba sauti iliyo mahali pamoja haijahifadhika. Sharti iwe na nakala mahali pa pili.

"Nami sitakuwako kila siku kukunakilia," akasema. "Afadhali ujifunze kuandika mtumishi wa kukufanyia."

Basi nikaanza kwa alifu kwa ujiti, kama nilivyoanza chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani nikiwa na miaka sita, na ubao magotini. Tofauti ni kuwa safari hii mwalimu ni mtoto niliyempakata mwenyewe.

Jina lanishtua

Siku ya kwanza alikuja baada ya sala ya Alasiri, akaketi, akasema, "Mjomba, leo twaandika dimoni."

Nikaweka kikombe chini. "Twaandika nini?"

"Dimoni. Ndivyo ziitwavyo programu hizi."

"Mwanangu, nyumba hii yasomwa Kurani kila Ijumaa, nawe waniletea mashetani?"

Alicheka, akaniambia nitafute mwenyewe asili ya neno hilo, kwa kuwa kuchimba maneno ndiyo kazi yangu. Nikachimba, na niliyoyapata nakupa.

Mwaka 1867 mwanafizikia wa Kiskoti, James Clerk Maxwell, alimwandikia rafikiye barua yenye fumbo. Tuseme pana vyumba viwili vya hewa na kimlango kati yao, na penye kimlango ameketi kiumbe mdogo mno, mwenye macho makali. Chembe ya hewa iendayo mbio aifungulia ipite upande huu, iendayo polepole aipeleka upande ule. Baada ya muda chumba kimoja chawa cha moto na kingine cha baridi, bila ya mtu kuwasha moto. Kiumbe huyo hayuko. Alikuwa ni mfano wa kuwasumbua wataalamu. Mwaka 1874 mwenzake, William Thomson, ndiye aliyempa jina hilo la dimoni.

Miaka karibu 90 baadaye, mwaka 1963, katika chuo cha MIT kule Marekani, kikundi cha Fernando Corbató kilikuwa kikiendesha kompyuta kubwa ya IBM 7094 katika mradi ulioitwa Project MAC. Walihitaji programu za kufanya vijikazi vya ndani wakati watu wanaendelea na shughuli zao. Wakamkumbuka yule mchapakazi wa Maxwell asiyechoka wala kuonekana, wakaziita kwa jina lake. Na sikiliza ajabu hii, msomaji: dimoni ya kwanza kabisa kazi yake ilikuwa kunakili mafaili yaliyomo na kuyahifadhi katika kanda. Nilipoyasoma hayo nililitazama kasha langu nikatikisa kichwa.

Kutoka hapo neno likaenea. Unix ilipozaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell ililirithi, na Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991 ikalichukua vivyo hivyo. Ndiyo maana majina mengi ya watumishi hao huishia kwa herufi "d": crond, sshd, na kadhalika. Wenzao wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, waliotengeneza Unix ya aina yao iitwayo BSD, walikwenda mbali zaidi wakaipa mchoro wa kishetani mdogo, mwenye pembe, mkia na uma mkononi. Picha hiyo nilipoiona nilisema, audhubillahi.

Hata hivyo neno lenyewe si la kulaumiwa lote. Kwa Wayunani wa kale lilikuwa na maana ya kiumbe wa ghaibu, ambaye aweza kuwa mwema au mwovu. Uovu mtupu ulilijia baadaye. Nasi tuliopita chuoni twajua kwamba neno jini latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kufunika na kuficha. Katika shina hilo mna janna, bustani iliyofunikwa na miti. Mna janini, mtoto aliyefichika tumboni mwa mamake. Na mna majnuni, ambaye akili yake imefunikwa. Na majini wenyewe, kama Kurani itufunzavyo, wamo waliosilimu na wamo waliopotoka. Maana iliyotafutwa na wale wa MIT ni hiyo ya kufichika, na jina walilookota likaja na pembe zake.

Mimi nikamwambia mpwa wangu kwamba katika nyumba yangu jina litakuwa khadimu. Akakubali. Sikujua wakati ule kuwa jina hilo lina sharti lake, nalo litanidai.

Mzazi, mwana na yatima

Namna ya kumfanya programu awe khadimu ni elimu ya kupendeza, na wallahi yafanana na mambo ya ukoo kuliko mambo ya mashine. Kila kazi inayoendelea ndani ya Unix au Linux ina namba yake. Ya kwanza kuamka ni namba 1, nayo ndiyo mzazi mkuu. Kazi nyingine huzaliwa kwa amri iitwayo fork. Programu hujigawa ikawa mbili zilizo sawasawa, mzazi na mwana. Mzazi huambiwa namba ya mwanawe. Mwana huambiwa sifuri. Kwa sifuri hiyo tu ndipo mwana ajuapo kuwa yeye ndiye mwana.

Kisha mzazi hujiondokea, na mwana huwa yatima. Ela yatima huyo hatupwi. Kwa kawaida namba 1 humchukua akawa wake. Halafu mwana huondoka katika kikao cha kile kidirisha alichozaliwa ndani yake, kwa amri iitwayo setsid, ili mwenye kidirisha akikifunga na kwenda kulala, khadimu asifukuzwe pamoja naye. Hujigawa mara ya pili, mjukuu ndiye abakiaye, na huyo hawezi tena kushikwa na kidirisha chochote. Kisha huhamia kwenye shina la mti wa mafaili, asikae juu ya mkeka wa mtu, maana diski iliyokaliwa haiwezi kuondolewa kwa amani.

La mwisho hufungwa mikondo mitatu aliyozaliwa nayo: sikio, kinywa cha kusema, na kinywa cha kulalamika. Mikondo hiyo huelekezwa mahali paitwapo /dev/null, ambapo ni kama kisima kisicho na chini. Chochote kitiwacho humo hakirudi. Khadimu akitaka kusema neno baada ya hapo, sharti apewe daftari la kuandikia.

Nilijifunza pia kwamba kazi ikimalizika, mzazi wake hupaswa kuja kuipokea kauli yake ya mwisho. Asipokuja, namba ya marehemu hubaki katika rejista, haifanyi kazi wala haifutwi. Wenyewe huiita zombi. Nikasema hilo ni kama maiti aliyekosa wa kumzika, na sisi twajua kuzika ni faradhi ya kifaya. Nikajifunza ishara za kumsimamisha khadimu: namba 15 hupiga hodi, ikampa nafasi ya kufunga madaftari yake na kuaga, namba 9 haipigi hodi.

Mpwa wangu alinieleza kwamba siku hizi taabu hizo za kujigawa mara mbili zimepungua. Tangu mwaka 2010 kuna systemd, ambayo katika kompyuta nyingi za Linux ndiyo namba 1 yenyewe. Wewe waandika programu ya kawaida, kisha watoa hati fupi isemayo khadimu ni nani, aamke lini, na akianguka ainuliwe au aachwe. Mengine yote systemd huyafanya. "Ela nilitaka ujue ndani mna nini," akasema, "usije ukawa mpanda gari asiyejua kuna injini."

Khadimu wangu niliandika kwa lugha iitwayo Python. Kazi yake ilikuwa ndogo. Kila saa atazame folda ya sauti. Akikuta faili jipya, alinakili katika diski ya nje. Akimaliza, arudi kulala. Mwisho wa mwaka 2021 alisimama kwa miguu yake. Nilizima kompyuta makusudi, nikaiwasha, naye akaamka mwenyewe bila ya kuitwa. Usiku huo, nakwambia kweli, nilifurahi kama siku shairi langu la kwanza lilipotoka gazetini.

Bibi wa Siu

Katika kanda zangu ulikuwamo ukanda mmoja niliourekodi mwaka 1996. Nilikuwa kijana. Bibi mmoja wa Siu, aliyekuwa amekuja Lamu kwa jamaa zake, alikubali kunighania utenzi aliourithi kwa mamake, ambao sijauona katika kitabu chochote mpaka leo. Alikataa kuimba mbele ya watu. Aliketi nyuma ya pazia la mlango, nami nikaketi barazani, kinasa sauti kikiwa kizingitini kati yetu. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini imenyooka, na kila baada ya beti kadha alikohoa, akaomba radhi, akaendelea. Alifariki mwaka 2003, Mola amrehemu.

Ukanda huo niliutia katika kompyuta mwezi wa Mei mwaka 2022. Ulipokuwa ukizunguka ulikuwa ukiacha unga wa kahawia mashineni, ela sauti ilitoka safi. Niliisikiliza mpaka mwisho, nikajua khadimu ataichukua saa ijayo, nikaenda kulala.

Sasa sikiliza lililonifika. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Aprili katika Ramadhani, umeme ulikatika usiku kisha ukarudi. Kompyuta ikazimika, ikawaka. Khadimu akaamka mwenyewe kama nilivyomfundisha. Diski ya nje nayo taa yake ya buluu ikawaka, nami nilipopita kwenda kula daku niliiona yawaka, nikasema alhamdulillahi.

Kumbe katika Linux diski kupata umeme si kuunganishwa. Diski huunganishwa kwa kutiwa ndani ya folda fulani, na folda hiyo ndiyo mlango wake. Mimi tangu mwanzo diski ile nilikuwa nikiiunganisha kwa mkono. Sikuiandika katika orodha ya zile ziunganishwazo kompyuta inapoamka. Kwa hiyo usiku ule khadimu alirudi kazini, diski haikurudi. Na mlango ulibaki pale pale, folda tupu, ndani ya diski ya kwanza.

Khadimu alifanya nini? Alifanya alivyoagizwa. Alikuta faili jipya, akaenda mlangoni, akalitia ndani. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa folda ni folda. Akanakili vizuri, bila kosa hata moja, kila saa, usiku na mchana, miezi minne. Lakini nakala na asili zote zilikuwa ndani ya diski moja, zimelala ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nimemwajiri mtu achukue nusu ya mali aipeleke nyumba ya pili, naye akawa aihamisha kutoka chumba hiki hadi chumba kile.

Mwezi wa Agosti diski hiyo moja ikaanza kulia tik, tik, tik, kama mjusi dukani. Siku ya pili ikanyamaza. Nilimpigia simu mpwa wangu, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwani nakala tunayo. Alikuja, akaifungua diski ya nje. Mlikuwa na sauti zote mpaka Aprili. Baada ya hapo hamkuwa na kitu.

Tuliipeleka diski iliyokufa kwa mafundi, wakajaribu, wakashindwa. Kanda 19 nilikuwa nimezitia katika miezi ile. Nilizitoa kashani nikazirekodi upya, na 18 zilikubali. Ule wa Bibi wa Siu ulizunguka kidogo, ukanata, ukakatika vipande vipande. Nilizima mashine, nikakaa kitambo mkono wangu ungali juu yake. Nilichobaki nacho ni beti 31 nilizoziandika kwa mkono usiku ule wa mwaka 1996. Utenzi mzima ulikuwa na beti ngapi sikuzihesabu, kwa kudhani nina wakati.

Swali nisilouliza

Siku nyingi nilitafuta wa kumlaumu. Nilimlaumu umeme, nikamlaumu fundi wa kiwandani aliyetengeneza diski, na Mola anisamehe, nilikaribia kumlaumu mpwa wangu. Yeye hakujitetea. Alifungua tu programu yangu akanionyesha mstari mmoja. Mikondo yote mitatu nilikuwa nimeielekeza kwenye /dev/null, na daftari sikumpa. Nilifundishwa kumfunga kinywa, nikafanya. Nilifundishwa kumpa kalamu, nikaahirisha.

"Ela Mjomba, tusidanganyane," akasema. "Hata ungelimpa daftari, lingeliandikwa kila saa: nimenakili, nimenakili. Naye si mwongo. Swali ulilomuuliza ni umenakili? Hukumuuliza umenakili wapi?"

Nikakumbuka kisa cha Nabii Sulaiman, alayhi salaam, katika Suratu Saba. Majini walikuwa wakimfanyia kazi nzito, naye akafishwa hali amesimama ameegemea fimbo yake. Wao wakaendelea na kazi, wakidhani bwana wao yu hai awatazama, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo, naye akaanguka. Hapo ndipo ilipobainika kwamba majini hawajui ghaibu. Nami sijilinganishi na Mtume wa Mwenyezi Mungu, ela mazingatio yako wazi. Afanyaye kazi mafichoni hajui ila alichoagizwa. Hajui kama bwana wake yu macho. Hajui kama nyumba apelekayo amana ipo au haipo. Kujua huko ni juu ya bwana, na bwana wa khadimu wangu alikuwa amelala, mpaka diski ilipoanza kulia.

Sisi watu wa pwani twapenda sana neno tawakali. Twalitamka hata pale ambapo tumefanya uvivu. Lakini bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga aliambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge kwanza kisha ategemee. Mimi ngamia wangu nilimfunga, sikatai. Nilimfunga kwenye mti uliochorwa ukutani.

Khadimu wa pili

Nikaanza upya, na khadimu wa pili nilimwandika kwa adabu nyingine. Kwanza, diski ya nje imeandikwa katika orodha ya kuunganishwa kompyuta inapoamka, na katika hati yake ya systemd nimesema kuwa mahali pale pasipounganishwa diski, khadimu asianze kazi. Pili, ndani ya diski ya nje nimeweka faili dogo la kitambulisho. Kabla ya kunakili chochote hulitafuta. Asipoliona, ajua kuwa amefika mlango usio na nyumba, husimama na kupiga kelele. Tatu, akimaliza kunakili huzisoma zote mbili, asili na nakala, akazifanyia hesabu ya kulinganisha. Zikihitilafiana hata kwa herufi moja, huandika. Nne, ana daftari, na daftari lina tarehe na saa.

Tano ndilo nililolipenda zaidi. Kila siku baada ya Isha hunitumia ujumbe mmoja mfupi simuni: leo nimehifadhi kadha wa kadha, mahali fulani. Usiku usipofika ujumbe huo, kimya chenyewe ndiyo habari. Hapo awali kimya chake nilikifasiri kuwa ni amani. Leo kimya chake hunitoa kitandani.

Na la sita si la mashine, ni langu. Kila mwanzo wa mwezi, tuonapo mwandamo, huenda kwenye diski ya pili, nikatoa sauti moja bila ya kuchagua, nikaisikiliza mpaka mwisho. Nakala ambayo haijafunguliwa ni dhana tu.

Kanda zangu 63 sasa ziko mahali patatu, na pa tatu ni nyumba nyingine kabisa, ng'ambo ya Likoni. Beti 31 za Bibi wa Siu nimezitia humo pia, kwa maandishi. Nimeuliza Siu na Lamu kama yuko mtu aliyehifadhi utenzi huo kwa moyo, na ikiwa wewe usomaye haya una nyanyako au shangazi aliye na tenzi za nyumbani kwao, ambazo hazijaandikwa, nakusihi usingoje. Kaa nyuma ya pazia, umwombe radhi, umrekodi. Na ukisha kumrekodi, fungua ulichokihifadhi uhakikishe kimo.

Ama lile jina, bado nalishikilia. Wataalamu wataendelea na dimoni lao, na wengine watasema huduma tu. Mimi nachagua khadimu, kwa sababu dimoni hadaiwi na mtu wala hamdai mtu, lakini khadimu ana haki mbili juu yetu: kupewa njia ya kusema, na kuulizwa. Wa msikitini kwetu amepona, alhamdulillahi, na alfajiri nimpitapo birikani humsalimu kwa jina lake, nikamuuliza ameamkaje, kisha nikangoja jawabu.

Beti hizi mbili nilizitunga usiku ambao khadimu wa pili aliniletea ujumbe wake wa kwanza:

Khadimu wa mafichoni, kazi yako yatendeka,
Huonekani machoni, wala sifa hujataka,
Andika mwako chuoni, kila neno kwa hakika,
Usinyamaze gizani, nikalala sina shaka.

Nami bwana wa nyumbani, nisichoke kuamka,
Nifungue sandukuni, nione ulichoweka,
Amana iko shingoni, mbele ya Mola Rabuka,
Tukifika mizanini, sote tutahisabika.

Wassalaam.